Kiswahili na Uislamu vilifikaje kwetu?

Wako watu wanaosema kwamba Waislamu wa mashariki ya Kongo ni Waarabu, yaani wageni. Wanayasema hayo kwa Kiswahili, lugha iliyofika kwetu kwa njia ile ile ya Uislamu. Kwa kuwa neno "mgeni" limekwisha kuwatoa wengi katika mashamba yao, tuitazame njia hiyo.

Ilianza pwani, Zanzibar na Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Maniema. Wafanyabiashara walifuata pembe za ndovu na watumwa, wakajenga vituo vikubwa Nyangwe na Kasongo. Anayejulikana zaidi ni Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip. Ubaya wa biashara ile haufai kufichwa. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliona watu wa wafanyabiashara wakipiga risasi katika soko la Nyangwe. Walikufa watu mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula.

Lakini Waarabu wenyewe walikuwa wachache. Wapagazi, askari, wakalimani na wake zao walikuwa wenyeji, na wengine walianza kama mateka. Wengi walisilimu, wakajiita wangwana, yaani watu huru. Mtu akishauliza kwa nini mateka aliingia dini ya bwana wake, jibu limo katika jina hilo: mungwana hakuhesabiwa tena mtumwa. Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Walituachia pia kilimo cha mpunga na vazi la kanzu. Hata maneno tunayoyatumia tukipatanisha watu, kama amani, haki, suluhu na shahidi, yana asili ya Kiarabu.

Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaondoa wakubwa wa Kiarabu. Wangwana walibaki, maana hapa ndipo kwao. Wakoloni Wabelgiji waliwaogopa, tena shule waliziacha mikononi mwa misheni. Basi mzazi Mwislamu alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: mtoto akose masomo, au asome kwa wamisionari na pengine abatizwe. Wengi walichagua la kwanza. Ndiyo sababu kwa muda mrefu Waislamu walionekana zaidi sokoni kuliko ofisini, na wengine wakadhani ni tabia yao.

Katika milima ya Bushi misafara haikujenga mji kama Kasongo. Bukavu ilikuzwa na wakoloni, na Waislamu wengi walikuja humo kutoka Maniema kufanya biashara na kazi za mikono, kama Walega, Wabembe na Wafuliiru walivyokuja kutafuta kazi. Wote walikutana na Washi kwa Kiswahili.

Leo jumuiya ya Waislamu, COMICO, ni moja kati ya madhehebu manane yanayokaa pamoja kumchagua rais wa tume ya uchaguzi ya nchi, CENI.