Mafuta ya Mimea kwa Ngozi: Yaliyomo na Mipaka Yake

Katika masoko ya Ifakara na vijiji vya Bonde la Kilombero, mafuta ya nazi, alizeti, ufuta na mawese hununuliwa kwa mapishi na kwa kujipaka. Yote hulainisha ngozi, lakini virutubisho vyake havilingani. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa mtoto njiti na kwa mtu mwenye ualbino.

Tabaka la nje la ngozi limejengwa kama ukuta: seli zilizokufa ni matofali, na mafuta asilia ya mwili ni udongo unaoyashikamanisha. Udongo huo huhitaji asidi ya linoleiki, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Katika mafuta ya kawaida ya alizeti asidi hiyo hufikia takribani asilimia 60. Katika ufuta 40. Katika mawese 10. Na katika nazi 2 tu. Alizeti ina vitamini E nyingi pia. Mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, huzuia ngozi isipoteze maji, ila huchangia kidogo mno katika ujenzi wa ukuta huo.

Ngozi ya mtoto njiti haijakomaa, hivyo hupoteza maji na joto upesi na hupenywa na vijidudu kwa urahisi. Utafiti wa Dhaka, Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2005, ulionesha kuwa njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache hospitalini kuliko wasiopakwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa njiti na watoto wenye uzito pungufu wanaweza kufikiriwa kupakwa mafuta. Kwa mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati, halikupendekeza jambo hilo liwe desturi ya kuzuia magonjwa ya ngozi. Kwa hiyo mama wa njiti apate kwanza ushauri wa mhudumu. Mafuta yawe safi, yasiwe yaliyokwisha kukaangia. Mikono inawiwe, mtoto asisuguliwe kwa nguvu, na kitovu kisipakwe.

Wekundu wa mawese hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inapoliwa. Kuyapaka hakuwezi kuwa badala ya lishe.

Hakuna hata moja kati ya mafuta haya linalotosha kukinga jua. Mwenye ualbino anayeshinda katika shamba la mpunga huku amejipaka nazi au alizeti bado yumo katika hatari ya saratani ya ngozi. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta maalumu ya kukinga mionzi, kama yale yanayotengenezwa Moshi. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali bila kusubiri.

Mhudumu wa afya asiyabeze mafuta ya nyumbani, wala asiyasifu yote kwa pamoja. Amuulize mgonjwa: unapaka mafuta gani, sehemu gani, na kwa kusudi gani? Majibu hayo ndiyo yatakayoonesha iwapo mafuta yanamsaidia au yanamchelewesha kupata tiba.