Iboga: Je, dawa ya moto ni moto?

Mpenzi msomaji, huenda katika mtaa wenu mna kijana aliyenaswa na unga. Umemwona akisinzia wima barazani. Umesikia jinsi vyombo vya kwao vinavyotoweka kimoja kimoja, na wazazi wake unawajua walivyokonda kwa kuhangaika. Sasa watu kama hao wakiambiwa kwamba uko mzizi nchini Gabon unaomaliza hamu ya heroini kwa usiku mmoja, watakosaje kutega sikio?

Mzizi huo upo kweli, na jina lake ni iboga. Lakini kabla hujaifungua akiba yako, yafaa ujue ulikotoka, unavyofanya kazi mwilini, na kwa nini umewahi kuua.

Mti wa msituni

Iboga, ambao wanasayansi huuita Tabernanthe iboga, ni mti mdogo uotao katika misitu ya Gabon na nchi jirani. Matunda yake ni ya rangi ya chungwa, na ukiupita njiani hutaona ajabu yoyote. Nguvu zake zimo katika ganda la mizizi. Wawindaji hutafuna kidogo ili wasishikwe na usingizi wala njaa.

Kwa Wamitsogo na Wafang wa Gabon, mti huu ndio nguzo ya dini iitwayo Bwiti. Yasimuliwa kwamba siri yake walifunzwa na mbilikimo wa msituni. Anayeingizwa katika dini hiyo hula ganda hilo chungu kwa wingi usiku kucha, huku kinubi kikilia. Hutapika, miguu humlegea, kisha njozi humjia: huona waliokufa, na maisha yake mwenyewe tangu utotoni. Zingatia, msomaji, kwamba muda wote huo wazee huwa kando yake wakimwangalia. Hii si starehe ya Jumamosi usiku. Ni mambo ya jando.

Kutoka Gabon hadi New York

Mnamo mwaka wa 1901, wanasayansi wa Ufaransa walifaulu kutoa katika mzizi huo kemikali yake kuu, ibogaini. Tangu 1939 vidonge vyenye kiasi kidogo cha kemikali hiyo viliuzwa huko Ufaransa kama dawa ya kuondoa uchovu. Viliitwa Lambarène, jina la mji wa Gabon alikojenga hospitali Daktari Albert Schweitzer. Baadaye viliondolewa madukani.

Kisha, mwaka wa 1962, kijana wa miaka 19 mjini New York, Howard Lotsof, alimeza ibogaini. Alikuwa mtumiaji wa heroini, na alichotaka ni kulewa tu. Zaidi ya saa 30 baadaye akatambua jambo la ajabu: hakuwa na arosto, yale mateso ya kutapika, kutetemeka na kuumwa na viungo ambayo humpata mraibu anapokosa unga. Lotsof aliipigia debe dawa hiyo hadi alipofariki mwaka wa 2010, ijapokuwa serikali ya Marekani iliiharamisha mnamo 1970.

Wataalamu wanaeleza kwamba ibogaini hugusa sehemu nyingi za ubongo kwa pamoja, zikiwemo zile zile zinazopokea heroini. Ini nalo huigeuza kuwa noribogaini, ambayo hubaki mwilini kwa siku kadhaa, na huenda hiyo ndiyo inayotuliza hamu.

Januari 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza habari za wanajeshi 30 wa zamani wa Marekani walioumia ubongo, na ambao walipewa ibogaini nchini Mexico pamoja na magnesiamu ya kuukinga moyo. Mwezi mmoja baadaye, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 88. Hata hivyo, hapakuwa na kundi jingine la kuwalinganisha nao. Mwaka wa 2025 jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 za kuifanyia dawa hiyo utafiti zaidi.

Hatari iko moyoni

Naam, sasa tuje kwenye upande wa pili. Ibogaini huziba njia za potasiamu katika misuli ya moyo, na moyo huchelewa kujitayarisha kwa pigo linalofuata. Mapigo yakivurugika, moyo waweza kusimama ghafla. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 uliorodhesha watu 19 waliofariki baada ya kutumia ibogaini kati ya 1990 na 2008. Wengi wao walikuwa tayari na ugonjwa wa moyo, au walikuwa wamechanganya na dawa nyingine.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2014, waraibu wa heroini humu nchini wamekuwa wakipewa methadoni katika kliniki maalumu. Methadoni nayo huchelewesha mapigo ya moyo kwa njia iyo hiyo. Mgonjwa akinywa methadoni asubuhi na jioni akala unga wa mzizi alioletewa na rafiki, amejitafutia msiba maradufu. Tena, mtu aliyekaa siku kadhaa bila heroini mwili wake huwa umepoteza mazoea nayo. Akirudia kipimo chake cha zamani, chaweza kumuua.

Mti wenyewe pia uko taabani. Kupata ganda hilo mara nyingi ni kuung'oa. Gabon iliutangaza kuwa urithi wa taifa mwaka wa 2000, na mwaka wa 2019 ikasimamisha kuuzwa kwake ng'ambo.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Lakini waganga wa Bwiti hawampi mtu iboga wakamwacha peke yake, nao madaktari hupima kwanza moyo wa mgonjwa na kuutazama kwa mashine usiku kucha. Anayeuza mzizi kwenye karatasi hana hayo yote.

Basi ukiwa na ndugu aliyenaswa, mpeleke kliniki, au upige simu ya bure ya NACADA, nambari 1192. Na akiwa tayari anatumia methadoni, asimeze mzizi wala kidonge chochote bila kumwambia daktari wake.