Damu Yasema Nini Juu ya Maradhi ya Akili?

Mjini Jinja, pale mto Naili unapotoka katika Ziwa Victoria na kuanza safari yake ndefu, kuna swali linalozuka nyumbani kila kijana aliyekuwa mzima anapoanza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine. Je, ni mizimu ya ukoo, ni laana, au ni maradhi? Mara nyingi miezi hupita jamaa wakiulizana, naye mgonjwa huzidi kudhoofika, kamba ikiwa mikononi mwake.

Maradhi ya skizofrenia yamewapata watu wapatao milioni 24 duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Huanza zaidi katika ujana, umri wa kuanza kazi, kuvaa sare na kuoa. Chanzo chake si kimoja: urithi una sehemu yake, na mazingira yana yake. Siku hizi wataalamu wanaichunguza pia kinga ya mwili.

Kinga hiyo ni mfano wa jeshi. Chembe nyeupe za damu ndizo askari, na kingamwili ni silaha zilizofuliwa kwa ajili ya adui mmoja tu. Adui akishashindwa, baadhi ya silaha hizo huweza kubaki katika damu miaka mingi, na kwazo mganga hutambua vita vilivyopita.

Damu ya wagonjwa wa skizofrenia ilipopimwa katika nchi mbalimbali, ilionekana kwamba, kwa wastani, ina zaidi zile kemikali ambazo mwili huzitoa unapopambana na maradhi. Aidha, kingamwili za kijidudu kiitwacho toksoplasma, kinachoenezwa kwa kinyesi cha paka na nyama isiyoiva, zilikutwa kwao zaidi kuliko kwa watu wengine. Hata hivyo, watu wengi wenye kingamwili hizo ni wazima kabisa. Wala hakuna hadi leo kipimo cha damu kinachoweza kutamka kwamba fulani ana skizofrenia.

Mbona basi damu ipimwe? Kwa sababu yapo maradhi yanayojificha nyuma ya wazimu. Mwaka 2006 waganga wa Uganda walichapisha utafiti ukionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wenye wazimu wa furaha na hasira kupita kiasi walikuwa na virusi vya Ukimwi, ambavyo hudhoofisha kinga. Mwaka 2007 yalielezwa maradhi mengine, ambamo kingamwili huasi na kuushambulia ubongo wenyewe. Mgonjwa hupayuka, kisha hushikwa na kifafa. Hayo hutibika yakigunduliwa mapema. Malaria kali na kaswende nazo zaweza kuivuruga akili.

Kwa hiyo, mtu akibadilika ghafula, hasa akiwa na homa, kifafa au maumivu makali ya kichwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kupewa dawa za akili asiziache bila shauri la mganga. Nyumbani, nyama ipikwe hadi iive, mikono ioshwe, na mama mjamzito asiguse kinyesi cha paka.

Kamba haijapata kumponya mgonjwa. Kumwahisha kwa mganga kumewaponya wengi.