Kamera ilikuwako, parashuti hapana



Mu Aprili 1988, huko North Carolina, Marekani, mtu mmoja aliyekwisha kuruka zaidi ya mara 800 alitoka mu ndege kwa kupiga filimu ya mwanafunzi na mwalimu wake. Kamera ilikuwa kichwani, mashini yake mgongoni. Parashuti aliisahau. Alikufa.

Juu ya nini vyombo ni vingi? Mtu anaanguka karibu kilometa 200 kwa saa. Kwa hiyo anavaa parashuti mbili, ya kwanza na ya akiba, pamoja na kipimo cha urefu mkononi. Tangu 1991 kuna chombo kinachoitwa Cypres: mtu akiwa angali anaanguka mbio karibu metre 225 toka udongo, kinafungua ya akiba chenyewe.

Wale wa BASE wanaruka toka nyumba ndefu, mlingoti, daraja ao mwamba. Wanabeba moja tu, maana wakati wa kufungua ya pili hauko.

Lakini hakuna chombo kinachofungua parashuti iliyobaki chini. Njo maana warukaji wanaangaliana mbele ya kutoka, hata mzoefu anaangaliwa. Mimi ninayewaangalia ninyi kila asubuhi, nami muniangalie.