Geuza Jani Kwanza, Ndipo Ununue Dawa



Kila mwaka jua linapowaka, kuanzia Desemba hadi Februari, tunapotembelea bustani za vikundi kutoka Rongo hadi Mbita tunakutana na malalamiko yale yale: "Tumepiga dawa mara tatu, lakini nyanya zinazidi kukauka tu." Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Ndhiwa kilitumia pesa za merigoraundi kununua dawa ya wadudu kila wiki. Mwishowe nyanya zikakauka zote, na pesa zikaenda nazo. Kumbe dawa ile haikuwa ya adui waliyekuwa naye.

Adui mwenyewe ni utitiri mwekundu. Ni mdogo kama ncha ya sindano. Aina hii inayopenda nyanya, osuga (mnavu) na biringanya ilitoka Amerika ya Kusini, na hapa Kenya iliripotiwa mwaka 2001. Utitiri ana miguu minane, ni jamaa ya buibui na kupe. Ndiyo sababu dawa nyingi za wadudu hazimuui. Tena dawa hizo huua wadudu rafiki wanaomla, naye anabaki akizaliana bila wasiwasi. Kukiwa na joto, yai huwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja na nusu hivi.

Tutamjuaje?

Geuza jani utazame chini yake.

1. Vidoti vidogo vya manjano juu ya jani, na chini yake kama vumbi jekundu lenye utando: huyo ni utitiri. Ukiwa na shaka, pigapiga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, ndiye.

2. Majani yamejikunja na yananata, sisimizi wanapanda na kushuka: hao ni vidukari.

3. Mabaka makubwa ya kahawia kama yaliyolowa, wakati wa mvua na baridi: huo ni ugonjwa wa ukungu. Dawa ya wadudu haisaidii kitu.

4. Mmea umenyauka ghafula ungali kijani: kata shina, lishikilie ndani ya glasi ya maji safi. Kitu cheupe kama maziwa kikishuka, huo ni mnyauko. Hauna dawa. Ng'oa, choma, na msipande nyanya wala viazi hapo.

Tufanye nini na utitiri?

- Toeni majani yaliyoshikwa sana, myachome. Msiyatupe kando ya bustani.

- Mwagieni maji ya kutosha. Asubuhi rusheni maji kwa nguvu chini ya majani; utitiri hapendi unyevu.

- Twangeni mbegu za mwarobaini, nusu kilo kwa lita 10 za maji. Ziloweke usiku kucha, mchuje kwa kitambaa, mtie sabuni kidogo. Pigeni jioni, hasa chini ya majani. Jaribuni kwanza kwa mimea michache. Rudieni baada ya siku 5 hadi 7, kwa maana mayai hubaki.

- Ng'oeni ochok na nyanya kuukuu zilizo karibu. Huko ndiko utitiri hujificha akingoja miche yenu.

Kama hali imezidi, nendeni agroveti na jani lenyewe ndani ya mfuko uliofungwa. Ulizeni dawa ya utitiri inayoruhusiwa kwa mboga hiyo, si "dawa ya nyanya" hivi hivi. Msitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe. Someni kibandiko: kimeandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kwa osuga hili ni jambo kubwa, kwa sababu tunakula jani lenyewe lililopigwa dawa. Ukichuma kesho yake, unawalisha sumu watoto wako na wa mteja wako pia. Ikiwa hamuwezi kungoja siku hizo, msipige.

Ya kujadiliana kikundini

1. Msimu uliopita tulitumia pesa ngapi kwa dawa, na tulijua tunaua nini?

2. Ni nani kati yetu atakayezunguka bustanini kila wiki kugeuza majani?

3. Tukiuza osuga sokoni, mnunuzi atajuaje kwamba tulingoja?