Namba Iliyofichika

Ziko namba zinazofuatana kwa mwendo mmoja, kama askari wapigao hatua sawasawa. Tazama hizi: 3, 7, 11, 15. Kila namba huizidi iliyo nyuma yake kwa 4. Kiasi hicho kisichobadilika huitwa nyongeza. Mtu akiijua nyongeza, pamoja na namba moja na mahali pake, aweza kuzipata zote, hata zilizofutika.

Chukua mfano wa mama mwenye shamba huko Madale, katika Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Alitaka kisima, akapatana na mchimbaji. Kwa kuwa kisima kikienda chini kazi huzidi, walikubaliana kwamba bei ya kila futi iizidi ya futi iliyotangulia kwa kiasi kile kile. Waliandika bei zote, lakini mvua ikailowesha karatasi. Zikasomeka mbili tu: futi ya 4, shilingi 14,000, futi ya 9, shilingi 24,000. Walipofika futi ya 15, mchimbaji alidai shilingi 38,000 kwa futi hiyo. Je, ndivyo walivyopatana?

Kwanza itafutwe nyongeza. Kutoka 14,000 hata 24,000 zimezidi 10,000. Kutoka futi ya 4 hata ya 9 ni hatua 5, wala si 6. Maana huhesabiwa hatua, si futi zenyewe. Vidole vya mkono ni vitano, lakini nafasi zilizo kati yake ni nne. Basi 10,000 ikigawanywa kwa 5, nyongeza ni 2,000.

Kutoka futi ya 9 hata ya 15 ni hatua 6, yaani 12,000. Ukijumlisha na 24,000, jibu ni 36,000. Mchimbaji hakukusudia kudhulumu. Alihesabu 9, 10, 11, 12, 13, 14, 15, akapata saba. Kwa kosa hilo moja zilizidi shilingi 2,000.

Jibu lapasa kuhakikishwa kwa njia nyingine. Kutoka futi ya 4 rudi nyuma hatua 3: 14,000 kutoa 6,000 ni 8,000, bei ya futi ya kwanza. Ongeza hatua 14, yaani 28,000. Jumla ni 36,000 tena.

Lakini njia hii yafaa pale tu ambapo mwendo ni mmoja. Sensa za Tanzania zilifanyika mwaka 2002, 2012 na 2022. Mtu akirudi nyuma kwa kumi kumi atasema 1992 na 1982, naye atakosea, kwa sababu sensa zilizotangulia zilikuwa za 1967, 1978 na 1988. Bei za kisima zilifungwa na mapatano. Miaka ya sensa haikufungwa hivyo. Basi kabla ya kugawanya, hapana budi kuuliza: Je, nyongeza ni ile ile tangu mwanzo hata mwisho?