Kazi ya Mwili: Maisha ya Mathias Kiwanuka katika Mpira wa Kimarekani

   Mwenye daftari na alifungue.

Vijana wetu wengi husema kuwa wataishi kwa mpira. Mzazi naye hujiuliza: Je, hiyo ni kazi, au ni mchezo tu? Leo tutajibu swali hilo kwa kufuata maisha ya mtu mmoja. Jina lake ni Mathias Kiwanuka. Asili yake ni Uganda, kwa jirani zetu, naye alicheza mpira wa Kimarekani kwa kulipwa tangu mwaka 2006 hata 2014.

Babu yake

Wazee wetu watalikumbuka jina la Kiwanuka. Benedicto Kiwanuka, babu yake Mathias, alikuwa mwanasheria na kiongozi wa chama cha Democratic Party. Mwezi wa Machi 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, kabla nchi hiyo haijapata uhuru kamili. Mwaka 1971 alifanywa Jaji Mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimkamata katika Mahakama Kuu mjini Kampala, naye akauawa. Miaka sita baadaye Amin huyo huyo alivamia mkoa wetu, ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Kwa hiyo msiba wa nyumba ile si jambo geni kwetu.

Mathias hakumwona babu yake. Alizaliwa tarehe 8 Machi 1983 katika mji wa Indianapolis, Marekani, akakulia na kusoma huko.

Mchezo wenyewe

Mpira wa Kimarekani si kandanda tuijuayo. Mpira wake ni mrefu kama yai, wenye ncha mbili, nao hushikwa kwa mikono. Kila upande una watu 11 uwanjani. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele kiasi cha mita tisa. Wakifaulu, hupewa majaribio mengine manne. Wakishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Wakiufikisha mpira mwisho wa uwanja, hupata pointi sita.

Yupo mchezaji mmoja ambaye kazi yake kubwa ni kuurusha mpira. Tumwite mrushaji. Yupo na mwingine asimamaye mbali, karibu na mstari wa pembeni. Huyo tumwite mpokeaji wa pembeni. Mchezo ukianza, mpokeaji hukimbia kwa kasi mbele au kwa kukata kona, hugeuka, na kuudaka mpira ukiwa hewani, huku adui akimkaba. Lazima miguu yake yote miwili iguse chini ndani ya mstari, ama sivyo mpira haukudakwa. Hao ndio wapendwao sana na watazamaji.

Kazi ya Kiwanuka ilikuwa kinyume cha hiyo. Yeye alikuwa mlinzi wa ukingoni mwa safu ya mbele. Alipaswa kuwapenya watu wazito wanaomlinda mrushaji, na kumwangusha kabla hajaurusha mpira. Mlinzi akifika mapema, mpokeaji hukimbia bure.

Njia ya kuingia kazini

Hapa wazazi wasikilize vizuri. Ligi kuu ya Marekani, iitwayo NFL, haimpokei kijana mpaka ipite miaka mitatu tangu darasa lake lilipomaliza masomo ya sekondari. Kwa hiyo wachezaji karibu wote hupitia chuo kikuu. Kiwanuka alikwenda chuo kiitwacho Boston College. Huko aliwaangusha warushaji mara 37 na nusu, idadi ambayo hakuna mchezaji wa chuo hicho aliyekuwa ameifikia kabla yake. Hiyo nusu huhesabiwa pale walinzi wawili wanapomwangusha mtu pamoja.

Kila mwaka timu za ligi hupokezana kuchagua vijana. Mwaka 2006 Kiwanuka alichaguliwa wa 32, ndiye wa mwisho katika duru ya kwanza. Timu iliyomchukua ni Giants ya New York.

Siku ya mikono kulegea

Tarehe 26 Novemba 2006 Giants walicheza na Titans ya Tennessee. Walikuwa wakiongoza kwa pointi 21 kwa 14, na Titans wamebakiwa na jaribio la mwisho. Kiwanuka alimfikia mrushaji wao, Vince Young, akamkumbatia. Lakini alidhani kuwa Young amekwisha kuurusha mpira. Mlinzi akimwangusha mrushaji baada ya mpira kutoka mkononi, timu yake huadhibiwa. Akaogopa adhabu, akamwachia. Kumbe mpira Young alikuwa nao bado! Alikimbia, akaokoa jaribio lile, na mwishowe Titans walishinda 24 kwa 21.

Fikirini, ndugu zangu. Kijana yu katika mwaka wake wa kwanza kazini, na kosa la nukta moja limeonwa na nchi nzima. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, huifuta. Mchezaji wa kulipwa hana kifutio. Lakini Kiwanuka hakuikimbia kazi.

Mwili unapovunjika

Mwaka 2007 timu ilimhamisha, akawa mlinzi wa safu ya pili, kazi ambayo hakuizoea. Alijifunza upya. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo alivunjika mfupa mdogo wa mguu, chini ya goti, na msimu wake ukaisha.

Tarehe 3 Februari 2008 Giants waliingia katika fainali, iitwayo Super Bowl, kupambana na Patriots ya New England, timu ambayo msimu ule haikuwa imefungwa hata mara moja. Katika dakika za mwisho, walinzi wa Patriots walimshika jezi Eli Manning, mrushaji wa Giants. Akawaponyoka! Aliurusha mpira mbali, na mpokeaji David Tyree akaudaka kwa kuubana juu ya kofia yake ngumu. Kisha mpokeaji wa pembeni Plaxico Burress akadaka mpira wa ushindi, zikiwa zimebaki sekunde 35. Giants 17, Patriots 14. Jambo lile lililomfika Kiwanuka mwaka 2006 safari hii liliwafika wapinzani. Naye hakuweza kucheza siku hiyo kwa ajili ya mguu wake.

Mwaka 2008 alirudishwa ukingoni. Mwaka 2010 alianza vizuri sana, akawaangusha warushaji mara nne katika michezo mitatu. Hapo ikaonekana kuwa ameumia pingili za shingo, akapumzishwa msimu wote uliobaki. Mtu aliyeumia shingo anajua kuwa si kazi tu iliyo hatarini, bali hata kutembea kwake.

Alirudi mwaka 2011. Tarehe 5 Februari 2012 Giants walikutana tena na Patriots katika fainali, na safari hii ilichezwa Indianapolis, mji wake wa kuzaliwa. Sasa alikuwa uwanjani mwenyewe. Mpokeaji Mario Manningham alidaka mpira mrefu ukingoni kabisa mwa uwanja, miguu yote miwili ndani, na Giants wakashinda 21 kwa 17.

Mwaka 2014 goti lilimwangusha, na mwezi wa Machi 2015 timu ikamwachia. Alikuwa na umri wa miaka 32 hivi. Jumla aliwaangusha warushaji mara 38 na nusu.

Tujifunze nini?

Basi, mpira wa kulipwa ni kazi kweli, tena kazi ngumu. Lakini mtaji wake ni mwili, na mwili hauwekwi akiba. Kiwanuka alidumu misimu tisa, na huyo ni wa bahati, maana wengi katika ligi ile hawafiki hata minne. Mkulima wa miaka 32 yuko katikati ya nguvu zake, bali mchezaji wa umri huo anaambiwa kwaheri. Baada ya hapo ataishi kwa nini? Hapana budi awe na elimu au ufundi mwingine.

Kwa hiyo mzazi asimkataze mwanawe mpira, wala asimruhusu kuacha shule kwa ajili ya mpira. Na kijana akifika mbali, akumbuke mambo mawili: akubali kujifunza upya akihamishwa, na akikosea mbele za watu, kesho yake arudi mazoezini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mlinzi na mpokeaji wa pembeni wanatofautiana vipi katika kazi?
2. Kwa nini Kiwanuka alimwachia Vince Young?
3. Kijana wa hapa Rulenge anayependa mpira afanye nini ili asikose elimu?